Shajara ya dosie ya ukaazi: kutoka Bukavu kumfuata mume Liège

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Bukavu, Goma na Uvira ambao waume zao wako Ubelgiji na kila wiki wanaletewa ushauri mpya na jirani. Bei ni za dola, isipokuwa pale nilipotaja yuro.

Kabla hujaiga chochote, tazama kwanza mume wako ana hali gani kule. Wangu ni Mkongomani, hajachukua uraia, ana ukaazi usio na kikomo na anafanya kazi Liège. Ndoa ya serikali tulifunga hapa Bukavu mwaka 2022. Mwenye mume Mbelgiji anapita kifungu kingine cha sheria. Mwenye mume aliyetambuliwa kuwa mkimbizi ana nafuu kubwa: kama ndoa ilikuwepo kabla mume hajafika kule, na ombi likawekwa ndani ya mwaka mmoja tangu atambuliwe, haulizwi mshahara, nyumba wala bima. (Tangu Agosti 2025 mwaka huo umekatwa ukawa miezi 6.) Namjua mama aliyeuacha muda ule ukapita kwa sababu mume alitaka "kwanza apate kazi nzuri." Sasa anahesabiwa mshahara kama sisi wengine.

11 Machi 2023. Orodha

Sheria yenyewe ni ya tarehe 15 Desemba 1980, na kwetu kinachohusika ni kifungu cha 10. Mke na mume wote wawe wametimiza miaka 21. Mume awe na ule ukaazi usio na kikomo kwa miezi 12 au zaidi. Aonyeshe nyumba ya kutosha, bima ya afya itakayompokea mke, na mapato ya kudumu yanayofika asilimia 120 ya msaada ambao serikali ya kule humpa mtu mwenye familia. Upande wangu: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, kasie (ile kartasi ya kuonyesha kwamba huna hatia mahakamani), na cheti cha daktari aliyekubaliwa na ubalozi.

Watu wengi wanakimbilia kilicho rahisi kupata. Kasie inapatikana haraka, basi wanaanza na kasie. Sisi tulikaa kwenye simu jioni nzima, mume na mimi, tukapanga kartasi kwa namna zinavyokufa. Cheti cha kuzaliwa na cha ndoa havifi. Pasipoti ina miaka yake. Kasie na cheti cha daktari vina miezi 6 tu, fishi za mshahara, zile kartasi za mwajiri za kila mwezi, zinazeeka kila mwezi. Kwa hiyo zisizokufa zitangulie, zinazokufa zije mwisho kabisa, hata kama ndizo nyepesi. Karibu kila dosie (faili la ombi) niliyoona imekwama hapa mjini ilikwama kwa kuwa kartasi moja ilikufa wakati nyingine bado inatafutwa.

4 Mei 2023. Jina

Nilidhani cheti cha kuzaliwa kitachukua asubuhi moja. Kumbe ndicho kilichoubeba mwaka wote.

Nilizaliwa Walungu mwaka 1994. Sheria ya familia ya 1987 ilitaka mtoto aandikishwe ndani ya siku 30. Siku hizi, tangu marekebisho ya 2016, ni siku 90. Wazazi wangu walikuwa na kadi ya ubatizo tu. Nilipohitaji cheti, mwaka 2015, nilipata supletifu, yaani hukumu ya mahakama inayoshika nafasi ya cheti ambacho hakikuandikwa kwa wakati wake, na komuni, ofisi ya serikali ya mtaa, ikaandika cheti juu ya hukumu hiyo. Hakuna aliyeisoma herufi kwa herufi. Mimi ni binti wa Kishi, jina langu la ukoo linaanza na M' na lina "rh" katikati. Haya ndiyo tuliyoyakuta tulipotandaza kila kitu mezani:

Kadi ya ubatizo: M'Cirhulwire.
Supletifu na cheti cha kuzaliwa: Chirulwire.
Pasipoti: M'Cirhulwire juu, MCIRHULWIRE kwenye mistari miwili ya chini.
Kadi ya mchaguzi ya mwaka huu: Mcirulwire.
Cheti cha ndoa: M'Cirhulwire, lakini postnomu (jina la pili linalofuata lile la kwanza) imeandikwa mahali pa jina na jina mahali pa postnomu.

Metre, wakili aliyetusaidia, alizitazama akauliza: "Mama, hawa ni watu wangapi?"

Kitu cha kwanza kujua ni kwamba si kila tofauti ni kosa. Mistari miwili ya chini ya pasipoti husomwa na mashini, na kanuni ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inasema alama ya ' iondolewe hapo na herufi ziunganishwe. M' ikiwa M peke yake pale chini, hakuna wa kulaumiwa wala cha kurekebisha. Kuna dada mmoja wa Kadutu aliyelipa pasipoti mpya kwa ajili ya kialama hicho, na ile mpya ikatoka vilevile. Lakini "rh" ikigeuka "r", au "C" ikigeuka "Ch", hiyo ni herufi iliyobadilika. Mtu wa Brussels hajui Mashi, lugha yetu. Yeye anaona majina mawili.

Tulijaribu kwanza njia ya bei nafuu: komuni inakupa kartasi inayosema kwamba Chirulwire na M'Cirhulwire ni mtu mmoja, mthibitishaji anaigonga, basi. Dola 35. Nilituma skani kwa binamu yangu Kinshasa akaulizie. Jibu lilikuwa kwamba inaweza kusindikiza dosie, lakini haiwezi kusimama badala ya cheti chenye jina sahihi. Hilo nalielewa. Ofisa wa komuni hana uwezo wa kubadilisha kilichoamuliwa na hakimu.

Njia ya pili aliileta dalali mmoja anayezunguka karibu na ofisi za mji, wale tunaowaita komisyonere. Yeye angepata supletifu mpya kabisa, yenye jina zuri na tarehe ya zamani. Dola 120, siku tatu. Metre alikataa hata kuisikia, na naomba wewe pia ukatae. Supletifu ya 2015 iko kwenye rejesta. Ukileta ya pili una hukumu mbili za kuzaliwa kwa mtu mmoja, na hapo hushitakiwi herufi tena, unashitakiwa kughushi.

Iliyobaki ni ya tatu: kuomba mahakama irekebishe cheti chenyewe.

28 Agosti 2023. Hukumu ya kurekebisha

Imetoka. Ombi liliambatana na kadi ya ubatizo, pasipoti, cheti cha baba chenye jina la ukoo kwa "rh", na diploma. Kilichomshawishi hakimu zaidi, kwa maneno ya Metre, ni cha baba: mtoto hawezi kuwa na ukoo usio wa baba yake. Kama una kartasi yoyote ya zamani ya mzazi, hata kadi ya kazi ya enzi ya Zaire, usiitupe.

Hukumu peke yake haitoshi. Ubelgiji inataka iambatane na cheti cha kutokata rufaa, ambacho karani wa mahakama hutoa baada ya muda wa rufaa kupita, siku 30 tangu hukumu ijulishwe. Halafu komuni inaandika marekebisho pembeni ya rejesta na kutoa nakala mpya. Kwa hiyo vitu ni vitatu na vinatembea pamoja: hukumu, kutokata rufaa, cheti. Wengi wanaleta kimoja au viwili. Supletifu yangu ya 2015 nayo haikuwahi kuwa na hicho cha kutokata rufaa, tukakiomba hapohapo, na karani akalazimika kuichimbua kwenye kabati.

Mahakama, Metre na nakala zote: dola 210. Hapo nimehesabu na "maji" ya hapa na pale ambayo hayana risiti.

6 Oktoba 2023. Cheti cha ndoa

Hiki kilikuwa chepesi kuliko nilivyoogopa. Kugeuzana kwa jina na postnomu kulionekana kwenye nakala tu. Kwenye rejesta yenyewe kila kitu kilikuwa mahali pake. Aliyenakili ndiye aliyeteleza. Basi ukiona kosa, kabla ya kwenda mahakamani omba kuonyeshwa rejesta. Nakala mpya ilikuwa dola 20.

Postnomu inahitaji neno lake. Sisi tuna sehemu tatu: jina, postnomu, prenomu (lile la ubatizo). Wao wana visanduku viwili, jina la ukoo na majina ya kupewa, na postnomu inaangukia popote. Kwa mume wangu, kadi ya ukaazi iliibandika kwenye ukoo, ilhali kartasi zake za zamani za shule ziliibandika upande wa pili. Tumeamua hivi: kila fomu ya Ulaya inajazwa kama mistari ya chini ya pasipoti inavyosoma. Kilicho kabla ya alama mbili << ni ukoo, kilicho baada ni majina ya kupewa. Hata kama inaonekana vibaya.

21 Januari 2024. Upande wa Liège

Kazi ya mume, lakini naiandika kwa kuwa ndiyo inayoangusha wengi walio na kartasi safi.

Yeye alikuwa kwenye ghala, kwa kontra (mikataba) za wiki kupitia ajansi ya kazi za muda. Pesa zilitosha miezi mingi, lakini sheria inataka mapato ya kudumu, na kontra inayokufa kila Ijumaa haionyeshi kudumu. Tulikubaliana kusubiri. Mwezi huu amepata kontra isiyo na kikomo. Tutangoja fishi za miezi kadhaa zirundikane kabla ya kuweka ombi.

Kiwango nacho hakikai mahali pamoja, kinapanda na bei za maisha. Tulipoanza kilikuwa yuro 1,969 kwa mwezi, mkononi. Tangu Novemba 2023 ni 2,048. Usiandike namba ya shemeji yako aliyepita mwaka juzi.

Mshahara wake unapita kidogo sana, mwezi mwingine unagusa tu. Mwanasheria wa shirika moja la msaada kule alimweleza kitu ambacho hapa Bukavu sijawahi kusikia mtu akikisema: kiwango hicho hakikuwekwa ili kukufungia mlango papo hapo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2010, katika kesi ya Chakroun dhidi ya Uholanzi, kwamba mtu aliye chini ya kiwango lazima atazamwe hali yake halisi, na sheria ya Ubelgiji inasema vilevile. Kwa hiyo tumeambatanisha bajeti ya nyumba: kodi, umeme, gesi, chakula, usafiri, na risiti za benki kuthibitisha. Hakuna aliyetuomba.

Nyumba: kontra ya kodi lazima iwe imesajiliwa serikalini, si ile ya kusainiana na mwenye nyumba jikoni. Bima: barua ya mfuko wake wa bima inayosema mke atapokelewa akifika. Hizo zilikwenda bila shida.

9 Mei 2024. Kashe za Kinshasa

Kutoka Bukavu hakuna barabara ya kukufikisha Kinshasa. Unapanda ndege Kavumu, au hubanduki. Kwa hiyo kartasi zilitangulia peke yake mkononi mwa mtu tunayemwamini, hadi kwa binamu anayeishi Limete.

Kuhalalisha kartasi maana yake ni Wizara ya Mambo ya Nje kugonga kashe, yaani muhuri wake, kisha ubalozi wa Ubelgiji kugonga yake juu ya hiyo. Wengi wanafikiri kashe inasema kilichoandikwa ni kweli. Haisemi hivyo. Inasema tu kwamba sahihi na muhuri ni vya ofisa anayejulikana. Na ndipo cheti cha ndoa kilipolala: aliyesaini nakala mpya alikuwa amekabidhiwa kiti hivi karibuni na mfano wa sahihi yake ulikuwa haujafika Kinshasa. Wiki zikapita. Suluhisho lilikuwa kurudi kwa ofisi iliyotoa nakala, kuomba wapeleke mfano wa sahihi, na kumkumbusha kila Jumatatu yule anayepaswa kuupeleka. Kwa adabu, na kwa salamu za mama yake.

Wakati huo kasie ilikuwa bado haijaombwa, kwa ule mpangilio wa kwanza. Jirani yangu aliyeanza nami alikuwa na yake tangu Januari. Ikafa mezani, akailipia tena.

Kiwango cha mshahara kimepanda tena mwezi huu: 2,089.

22 Agosti 2024. Kuweka ombi

Kasie niliichukua mwezi Julai, nikafunga begi. Tiketi ya kwenda na kurudi ilimeza dola 640, pamoja na Go-Pass, ile kodi ya uwanja wa ndege, iliyokuwa dola 10 kila unapopanda ndege ya ndani.

Kinshasa yenyewe naipita haraka: joto, foleni za magari, na Kilingala changu kinachochekesha wauza maji wa Gombe. Cheti cha daktari nilikifanya hukohuko, kwa daktari aliye kwenye orodha ya ubalozi. Cha daktari wa Bukavu, hata bingwa, hakipokelewi.

Malipo ni mawili na watu huyachanganya. Moja ni ada ya visa ya muda mrefu, iliyokuwa yuro 180. Jingine ni mchango wa kushughulikia dosie, zaidi ya yuro 200 kwa mtu mzima, unaolipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya Ofisi ya Wageni kule Ubelgiji. Hilo la pili mume alilipa kutoka Liège, na kwenye sehemu ya ujumbe akaandika jina langu, uraia na tarehe ya kuzaliwa. Bila risiti yake dosie haipokelewi hata kama kila kingine kimekamilika. Mbele yangu kwenye gishe, lile dirisha la kupokelea, kuna baba aliyerudishwa kwa hilo tu. Alikuwa ametoka Kisangani.

Fomu inajazwa kwenye intaneti, inachapishwa, inasainiwa. Kisha alama za vidole na foto. Kisha mahojiano.

Mahojiano yanatafuta ndoa ya uongo. Usikariri. Waliniuliza tulikutana wapi, nani alitoa mahari na ng'ombe wangapi, mume anaamka saa ngapi akiwa na zamu ya usiku, dada zake wanaitwa nani, mara ya mwisho alikuja lini na alilala kwa nani. Baadaye naye aliitwa kule akaulizwa yaleyale. Jibu langu moja na lake havikufanana: mimi nilisema harusi ya kanisa ilikuwa na mvua, yeye alisema jua. Kulikuwa na vyote viwili, kama kila Aprili ya Bukavu. Halikutudhuru. Tulikuwa tumeleta pia risiti za pesa alizotuma, tiketi zake za kuja, foto zenye wazazi wa pande zote, na kurasa chache za mazungumzo ya simu. Chache, zilizotawanyika kwenye miaka. Kuna mtu aliyechapisha mazungumzo yote ya mwaka mzima; sidhani kuna aliyeyasoma.

Risiti ya kupokelewa imetolewa. Kuanzia tarehe yake wana miezi 9 ya kujibu, na wanaweza kuongeza miezi 3, mara mbili. Pasipoti nimerudi nayo.

25 Machi 2025. Njia zimefungwa

Goma ilishikwa mwishoni mwa Januari. Tarehe 14 Februari waasi wa M23 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye mji wa Bukavu ulikuwa mikononi mwao. Siandiki siasa hapa. Naandika vita vilifanya nini kwenye dosie.

Ndege hakuna. Benki zimefungwa, kwa hiyo kila kitu ni pesa za simu, na anayekutolea noti anakata chake. Kartasi zote za asili nilizivusha mapema hadi Kamembe, upande wa Rwanda, kwa mama mkubwa, ndani ya mfuko wa unga. Skani ziko kwa mume, kwa binamu na kwenye barua pepe. Hili lifanye leo hata kama kwako kumetulia.

Wengine walidhani wataweka maombi yao Kigali, ni karibu. Tarehe 17 Machi Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji, wanadiplomasia wakapewa saa 48. Mlango huo nao basi.

Kwa ambao bado hawajaweka ombi: tarehe 18 Aprili 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya familia ya Kisiria kutoka Afrin, kwamba Ubelgiji haiwezi kumlazimisha mtu afike mwenyewe ubalozini wakati wa kuweka ombi pale ambapo kufika haiwezekani au ni kugumu kupita kiasi. Mwanasheria wa Liège ameshawawekea watu wa hapa maombi kwa barua pepe akitaja hukumu hiyo. Siku moja itabidi ufike utoe alama za vidole, lakini saa ya dosie inakuwa imeanza kuhesabu. Mwambie mume atafute mwanasheria wa kule anayeijua. Kutoka hapa peke yako ni vigumu kusikilizwa.

Na kama unahitaji cheti kipya cha komuni sasa hivi, fikiri mara mbili. Saini za wakuu wapya waliowekwa mjini hazina mfano wake Kinshasa. Kama una nakala ya kabla ya Februari, hiyo ishike.

2 Juni 2025. Barua

Miezi 9 ilipita tarehe 22 Mei. Waliongeza 3, na wakaomba fishi mpya za mshahara na barua ya mwajiri kwamba mume bado yuko kazini. Alizituma siku hiyohiyo pamoja na bajeti iliyosahihishwa. Hakuna zaidi.

19 Julai 2025. Jibu

Wamekubali. Visa inabandikwa Kinshasa.

Njia niliyopita, kwa wanaotaka kuiga: mpaka wa Ruzizi kwa miguu, Kamembe, basi kupitia msitu wa Nyungwe hadi Kigali, ndege Kigali kwenda Addis Ababa, Addis kwenda N'djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa. Kutoka mji mmoja wa Kongo kwenda mwingine wa Kongo, kwa kupitia Ethiopia. Tiketi hiyo ya kwenda tu ilizidi ile ya kwenda na kurudi ya mwaka jana, na sitaki kuitaja kwa sababu mama atasoma. Kadi ya manjano, ile ya chanjo, waliniomba mpakani. Mhuri wa kutoka na wa kuingia uwe wazi kwenye pasipoti, maana N'djili watakuuliza mtu wa Bukavu ametokea wapi akaja na ndege ya Addis. Waliuliza.

12 Agosti 2025. Liège

Go-Pass ya kimataifa ilikuwa dola 50, pesa yake iweke pembeni kabisa ya nyingine.

Ukifika una siku 8 za kazi kwenda kujiandikisha komuni ya kule. Wanatoa kartasi inayoitwa Anekisi 15, ya siku 45, na polisi wa mtaa anakuja kuhakikisha unaishi hapo kweli. Jina lako liwe kwenye kengele na kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo ya kwanza, la sivyo anaondoka na kuandika kwamba hakukuona. Baada ya hapo ni kadi A, ya mwaka mmoja, na kila mwaka kwa miaka 5 ya mwanzo wataangalia tena mshahara na kama bado tunaishi pamoja. Ombi la kuifanya upya linawekwa kati ya siku ya 45 na ya 30 kabla haijaisha. Nimeliandika kwenye kalenda ya jikoni na ya simu zote mbili.

Gharama, bila tiketi: kartasi, mahakama na Metre Bukavu kama dola 300, pasipoti ilikuwa ya bei ya dola 99 iliyowekwa mwaka 2020, kashe za Kinshasa, daktari, usafirishaji na kula kwa binamu kama dola 450, ada mbili za Ubelgiji zaidi ya yuro 380. Tiketi zilizidi vyote hivyo pamoja.

20 Agosti 2025. Nyongeza

Sheria imebadilika kwa maombi yanayowekwa kuanzia tarehe 18 Agosti. Sasa mume anatakiwa awe amekaa miaka 2 badala ya miezi 12, na kipimo cha mapato hakitoki tena kwenye ule msaada: ni asilimia 110 ya mshahara wa chini unaohakikishwa kule, na asilimia 10 nyingine kwa kila mwanafamilia wa ziada. Kwa hiyo namba zangu za mshahara hapo juu zisome kama za zamani. Mambo ya jina, kutokata rufaa, kashe na kasie hayakuguswa.